Mlango Uliolia Saa Kumi na Mbili

Sanduku la mume wangu nililipanga mimi, na nililipanga vizuri: mashati manane, suruali nne, sweta mbili nilizozitafuta soko zima, dawa ya tumbo na picha ya binti yetu. Asubuhi ya safari nikalikuta limefungwa upya. Nikalifungua. Mashati yamebaki matatu, na mahali pa yale matano imelazwa randa yake ya kupigia mbao, imeviringwa taulo kama mtoto aliyetoka kuoga.

"Fundi," nikamwambia, "ndiyo utakayoivaa hiyo?"

Nikikasirika namwita Fundi. Siku nyingine ni baba mtoto.

"Shati nitanunua," akasema. "Randa hii siipati kokote."

Mtaani walimwita Fundi Randa. Miaka thelathini ametengeneza milango, na ugonjwa wake ni mmoja: hawezi kukaa kwenye chumba chenye mlango unaokwaruza. Siku aliyokuja kuniposa, kabla hajaketi, aliufungua na kuufunga mlango wa baba yangu mara tatu. Wajomba zangu wakatazamana wakidhani posa imemshinda na anatafuta pa kukimbilia. Kumbe anasikiliza bawaba. Fundi aliyemfundisha kazi alikuwa akimwambia kwamba mlango ukilia, anayetukanwa ni fundi aliyemo ndani. Maneno hayo yalimkaa kichwani kuliko aya yoyote aliyokaririshwa chuoni.

Alipata kazi ughaibuni, kwenye kiwanda cha milango na madirisha, mkataba wa miaka mitatu. Tulifurahi, tukajua tumepata. Kumbe kazi yenyewe ni kusimama mwisho wa mashine. Mlango unakuja umeshakamilika, yeye anaupima kona kwa mraba, anabandika karatasi yenye namba, unakwenda zake. Wiki ya tatu aliniambia hajaona hata unyoya mmoja wa mbao iliyorandwa.

"Mikono inaniwasha," akasema.

"Paka mafuta," nikamjibu. Nilikuwa sijajua muwasho huo ungetufikisha wapi.

Nyumba aliyopanga ilikuwa ghorofa ya juu kwa mama mmoja mjane wa miaka sabini na kitu. Mama mwenyewe alikaa chini, peke yake, na macho yake yalikuwa yamefifia kiasi cha kumtambua mtu kwa hatua zake. Juu palikuwa na vyumba viwili, jiko jembamba na bafu lisilo na dirisha. Mume wangu alinitembeza humo kwa simu. Madirisha yanafunguka kwa ndani, na mimi mshonaji wa mapazia nikaanza kuumwa kichwa hapo hapo, maana pazia na dirisha la namna hiyo ni mke na mama mkwe. Bomba la kupasha nyumba joto lilitoka jikoni kwa yule mama, likapanda ukutani hadi juu kwa mume wangu. Uani kulikuwa na mapipa manne ya taka ya rangi nne, na mume wangu alichukua wiki mbili kujua ganda la yai linalala kwenye lipi. Kila akikosea alikuta kikaratasi ngazini, kimeandikwa kwa herufi kubwa kubwa na mtu asiyeona vizuri anachoandika.

Mkataba wa nyumba ulikuwa na kurasa tano. Lugha ya pale alikuwa nayo ya kuombea maji tu, kwa hiyo mwenzake wa kiwandani, tuliyekuwa tukimwita Mtu wa Gundi kwa sababu ya kazi yake, alimsomea wakati wa mapumziko. Usipige msumari. Usitoboe ukuta. Usipake rangi, usichonge, usibadili kitu bila ruhusa. Walifika ukurasa wa nne kengele ikalia. Wa tano haukuwa umepigwa chapa, ulikuwa mistari michache ya mkono, na mume wangu akaona hiyo itakuwa anuani. Akatia sahihi. Kuuliza si ujinga, tunafundishwa tangu utotoni, lakini mtu mzima mwenye ndevu haoni kwamba maneno hayo yanamhusu yeye.

Sasa niseme jambo lenyewe, maana bila hilo hii ni habari ya mlango tu. Ili mimi na binti yetu tumfuate, ofisi ya uhamiaji ya kule ilitaka barua ya mwenye nyumba kwamba anakubali watu watatu wakae pale. Na ilitakiwa wiki sita kabla shule hazijafunguliwa. Ikichelewa, tungesubiri mwaka mwingine mzima. Yule mama alisema ataandika mume wangu akitimiza miezi mitatu pale.

"Kwanza nione unavyokaa," alimwambia.

Binti yetu alikuwa na miaka tisa. Alishaanza kumzoea baba yake kama kitu cha kwenye simu, akimaliza kuongea naye aliniuliza, "Mama, nimzime?" Neno hilo lilinichoma kila nilipolisikia.

Kilichomtesa mume wangu, kuliko baridi na mapipa, ni salamu. Anapita barabarani hakuna anayemwambia habari za asubuhi. Anapanda lifti kiwandani watu sita wanatazama dari. Alipojaribu kumsalimu jirani wa upande wa pili, jirani alisimama akasubiri aombwe kitu.

"Mke wangu, huku mtu anaweza kukaa mwezi asisalimiwe na kiumbe," akasema. "Naingia nyumbani, hakuna hata wa kuniambia pole na kazi."

"Pole na kazi," nikamwambia.

"Ya simu haishibi."

Basi ikabaki ile nyumba, na nyumba nayo ilikuwa na kelele zake. Mlango wake wa kuingilia, pale juu ya ngazi, ulisugua sakafu. Haukusugua kidogo. Ulilia *kwaaaa*, sauti ya kumtoa mtu jino, kila alfajiri akitoka na kila saa kumi na mbili jioni akirudi. Na jioni, akishaingia tu na kuvua viatu, bomba la joto nalo lilikuwa linagonga. *Ko, ko.* Mara mbili, basi. Yeye alilipima kifundi: mlango unatikisa ukuta, ukuta unatikisa bomba, bomba lina hewa ndani. Vyote vibovu, na chanzo ni mlango.

Aliinama akaukagua. Chini yake kulikuwa na kipande cha mti mgumu, cha rangi tofauti na mlango, kimepigiliwa kwa misumari mitano. Alinionyesha kwa simu huku akitikisa kichwa.

"Tazama kazi hii. Mlango ulikuwa mzima, mtu akaja akaubandika kiraka cha kukwaruza. Fundi gani mpuuzi huyu?"

Na hapa lazima nijiseme mwenyewe. Mume wangu alikuwa akikumbuka mkataba. Alisema haruhusiwi kuchonga. Mimi ndiye niliyemjibu, huku nakata kitambaa na akili iko kwenye mkasi, "Si uchonge tu, nani atajua? Usipoziba ufa utajenga ukuta." Mdomo uliponza kichwa, na mdomo huo ulikuwa wangu.

Jumamosi yule mama alikwenda kliniki ya macho, na kutoka huko alikuwa analala kwa dada yake. Mume wangu akatoa randa kwenye taulo. Aliung'oa mlango, akaulaza juu ya viti viwili, akabandua kile kiraka na kupitisha randa mpaka ukingo wa chini ukawa laini. Nilimtazama tangu mwanzo hadi mwisho, simu ameiegemeza kwenye kopo la sukari. Alikuwa anaimba. Tangu aondoke sikuwa nimemsikia akiimba, na nilifurahi kwa moyo wangu wote, sitaficha. Akaurudisha mlango, akausukuma kwa kidole kimoja. Ukafunga kimya.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Sijasikia kitu."

"Ndiyo hivyo," akasema, akacheka kama bwana harusi.

Kisha, kwa kuwa mikono imeshapata moto, akachukua ile skafu niliyomfuma mwenyewe akaifunga kwenye bomba, mahali linapopita ukutani, hewa isimgongee tena.

Jumapili ikapita. Jumatatu akaenda kazini alfajiri, akarudi saa kumi na mbili, nyumba imetulia. Alikuwa anakaanga mayai, mimi niko kwenye simu juu ya kopo la sukari, tukasikia kitu ngazini. Hatua moja, kituo, hatua nyingine. Mlango ukagongwa kwa kiganja, haraka haraka, bila kusubiri jibu. Akaufungua. Yule mama alikuwa amesimama pale ameshika ukuta, mkono mmoja una funguo za akiba, uso wote umelowa jasho. Ngazi hizo hakuwa amezipanda kwa miaka minne.

Alianza kusema. Neno lake hata moja sikulielewa, lakini sauti ya mtu aliyeogopa haihitaji mkalimani. Alimshika mume wangu mkono, akampapasa bega na uso, kama anayetaka kuhakikisha kwamba amekamilika. Halafu akapapasa ukingo wa mlango, akausukuma, mlango ukaenda bila sauti. Hapo hofu ikageuka hasira. Mayai yakaungua, hakuna aliyeyashughulikia.

Aliyonieleza mume wangu baadaye, Mtu wa Gundi akiwa amewatafsiria kwa simu, ndiyo haya. Miaka ya nyuma ghorofa ile alikaa mwalimu mstaafu, mtu mpole, mtembea taratibu. Mlango wakati huo ulikuwa haulii. Siku moja mwalimu alianguka bafuni. Alilala pale siku mbili, na mwenye nyumba yuko chini yake anasikiliza redio. Siku ya tatu ndipo alipopatikana, na hakupona. Yule mama akaita fundi, akamwambia apigilie kipande cha mti chini ya mlango, usugue, usikike mpaka jikoni kwake. Tangu hapo kila mpangaji aliandikiwa: ukiingia mlango utalia, nami nitajua umefika. Nitagonga bomba mara mbili kwa kijiko, nawe ujue nimekusikia na mimi ni mzima. Siku usiyosikia kijiko, shuka uniangalie.

Yote hayo yalikuwa kwenye ukurasa wa tano, kwa mwandiko wake.

Miezi miwili na nusu mume wangu alikuwa akinililia kwamba hakuna anayemsalimu, na miezi miwili na nusu mama wa watu alikuwa akiacha chakula chake kila jioni, anachukua kijiko, anamwitikia. Yeye akamfunga mdomo kwa skafu.

"Na barua?" nikamuuliza. Nilijua ni vibaya kuuliza hilo kwanza, lakini ndilo nililoliuliza.

"Amesema haandiki. Amesema mtu asiyesoma alichotia sahihi hawezi kumwachia nyumba, sembuse kumwongezea watu."

Nilimtukana. Nilimwita Fundi, nikamwita na majina mengine ambayo binti yetu hakutakiwa kuyasikia, naye alikuwa nyuma ya mlango anasikia. Nilimwambia randa ile angeiacha na kuchukua mashati sasa hivi tungekuwa tunafunga mizigo. Ndipo nikakumbuka ni nani aliyesema nani atajua. Nikakaa juu ya vitambaa vya watu, nikalia.

"Siku ngapi zimebaki za kupeleka barua?" nikamuuliza baadaye.

"Tisa."

"Basi shuka kesho umwombe radhi. Usiombe barua. Omba radhi tu."

Akashuka kesho yake. Kwa hesabu yake ilikuwa mara ya kwanza kusimama kwenye mlango wa yule mama bila sababu ya mapipa. Alimwita mama. Kule neno hilo hawamwiti mtu asiyewazaa, na yule mama alichelewa kidogo kuitika, lakini aliitika. Mume wangu maneno yake machache aliyaandikiwa na Mtu wa Gundi kwenye karatasi. Akayasoma neno kwa neno: "Mama, nilikosa. Nilidhani ni ubovu. Naomba ruhusa nikuharibie mlango wako."

Yule mama hakucheka. Alifikiri, kisha akasema, "Jumamosi. Mimi nitakuwa nasikiliza."

Kiwandani aliomba kipande cha mti mgumu, kirefu kama mkono, kwenye masalia. Msimamizi akamuuliza ni cha nini. Akasema ni cha kuharibia mlango, msimamizi akaona bora ampe tu aondoke.

Jumamosi nilikuwa tena juu ya kopo la sukari. Nimemwona mume wangu akifanya kazi ngumu nyingi, ngazi za mzunguko, madirisha ya duara, lakini sijapata kumwona akihangaika vile. Miaka thelathini amenyamazisha milango. Kuufanya mlango ulie kwa makusudi, tena kwa kipimo, hakufundishwa na mtu. Alipigilia kipande, akaurudisha mlango, akausukuma. Yule mama, jikoni kwake, akapaza sauti kupitia ngazini.

"Huo ni panya. Mimi nataka mlango."

Akaung'oa, akaongeza unene. Akausukuma.

"Sasa ni ng'ombe."

Akaung'oa tena. Akapitisha randa mara moja, nyembamba, unyoya ukaanguka miguuni. Akarudisha. Bado. Akang'oa. Mara ya sita alikuwa amelowa kama mtu aliyechimba kisima, na mimi huku nimeacha kushona, mkono uko kifuani. Akausukuma. *Kwaaaa.* Sauti ile ile ya kumtoa mtu jino.

Mume wangu akaiendea skafu, akaifungua kwenye bomba, akaivaa shingoni. Akasimama anasubiri.

*Ko, ko.*

Akakaa chini, mgongo kwenye mlango, akafuta macho kwa skafu yangu. Nikamwacha, sikumtania.

Baada ya muda yule mama akamwita. Akashuka amebeba simu, ameisahau mkononi, nami nikaona dari ya jiko la watu na ncha ya sufuria. Yule mama akamuuliza mambo mawili, na mume wangu akanitafsiria baadaye kwa aibu.

"Mkeo ana kelele?"

"Anazo," akajibu mume wangu. Hakufikiria hata kidogo.

"Na mtoto?"

"Anakimbia ndani ya nyumba. Tunamkataza."

"Msimkataze," akasema yule mama.

Jumatatu alfajiri, alipokuwa anatoka, mlango umeshalia, alikuta karatasi kwenye ngazi ya tatu. Akadhani ni mapipa. Ilikuwa barua, herufi kubwa kubwa zinazopanda na kushuka, kwamba nyumba yake inatosha watu watatu. Safari hii aliisoma yote, mpaka mwisho, kwa kidole, na asiyoyajua akampelekea Mtu wa Gundi. Mwisho kabisa paliandikwa kwamba mlango usiguswe.

Tulifika jioni moja, siku nne kabla shule hazijafunguliwa. Nilikuwa na mapazia kwenye begi, marefu kupita kiasi kama nilivyokuja kugundua, kwa kuwa aliyenipimia madirisha ni mume wangu, naye amezoea kupima milango. Binti yetu alimshika baba yake mkono tangu kiwanja cha ndege, na kila baada ya muda alimtazama kuhakikisha hazimiki. Tulipanda ngazi, wao nyuma na masanduku, mimi mbele. Nilitaka niufungue mimi.

Nikausukuma. Ukalia. Miguu yangu yote miwili ikasimama pale pale, maana sauti ile kwa simu ni kitu kingine, na kwa masikio yako ni kitu kingine. Tukaingia, tukavua viatu.

*Ko, ko.*

Mume wangu akatabasamu. Nikadhani imekwisha, nikaanza kufungua koti.

*Ko, ko.*

Kimya kidogo.

*Ko, ko.*

"Mbona leo mara nyingi?" akauliza mume wangu.

Yeye bado anahesabu kifundi. Mimi nilishahesabu. Tulikuwa watatu.

Nililia, na sitasingizia uchovu wa safari. Sikujua mtu anaitikaje kwa bomba, wala kijiko sikujua kiko wapi katika nyumba ile. Nikaurudia mlango, nikaufunga, nikaufungua tena kwa nguvu zangu zote, ulie mpaka jikoni kwa yule mama.